Wosia wa walowezi Marekani, cheki mwezi kwanza

Kama unafuatilia ukoo wa wale walowezi Waingereza wa Massachusetts au Virginia alafu unakuta wosia umeandikwa Desemba 1701 na mahakama imeuthibitisha Februari 1701, usidhani karani alilewa, kabla ya 1752 Waingereza walikuwa wanaanza mwaka tarehe 25 Machi kwahiyo hiyo Februari kwetu sisi ni 1702. Kingine, mtoto kuachiwa shilingi moja sio lazima walikosana, mara nyingi alishapewa shamba lake mzee akiwa hai, kacheki hati za ardhi za miaka ya nyuma kabla hujaanza kutunga stori. Na mke asipotajwa usimzike mapema bana, sheria ilikuwa inampa mjane theluthi ya ardhi aitumie mpaka afe, hata wosia usiposema.