Kumchora disinodonti wa Ruhuhu: kutoka mfupa hadi ngozi

Mawe ya bonde la mto Ruhuhu, upande wa Ludewa na Songea, yamehifadhi mifupa ya wanyama walioishi miaka milioni 255 hivi iliyopita, kabla dinosaria wa kwanza hawajatokea. Wengi wao ni therapsida, ukoo ambao baadaye sana ulizaa mamalia. Kundi lililojaa zaidi ni disinodonti, wala majani wenye mdomo wa pembe kama wa kobe na, mara nyingi, chonge mbili zinazoshuka kutoka taya la juu.

Wachoraji wengi huwakosea kwa njia mbili. Wapo wanaochora mjusi mnene, na wapo wanaochora mbwa asiye na masikio. Mnyama huyu hakuwa yeyote kati ya hao. Kukisia kunaruhusiwa, tena bila kukisia hakuna mchoro, lakini kila kisio kiegemee alama iliyo kwenye mfupa au jamaa aliye hai, na mtazamaji aweze kukitambua kuwa ni kisio.

Mfano wetu ni Dicynodontoides nowacki, aliyewahi kuitwa Kingoria kutokana na mlima Kingori ambako mifupa yake ilipatikana. Mifupa mingi ya eneo hilo ilikusanywa miaka ya 1930 na leo iko Tübingen, Ujerumani, na Cambridge, Uingereza. Usiende bondeni kuchimba: mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mfupa uliong'olewa bila kurekodi tabaka lake umepoteza nusu ya habari zake. Kazi hii inafanyika mezani, kwa michoro ya mifupa ambayo wataalamu wamekwisha kuichapisha.

Vifaa na kipimo

Tafuta karatasi nzito ya A3, gramu 200 au zaidi, penseli za 2H, HB na 4B, rula, rangi za maji, na karatasi tatu angavu za kunakilia, zile wanazotumia wachora ramani za nyumba. Nunua pia penseli za rangi tatu: bluu, kijani na nyekundu. Karatasi angavu hujikunja wakati wa masika, hasa Tukuyu ambako unyevu ni mwingi, kwa hiyo ibane kwa tepu ya karatasi pande zote nne. Usiipake rangi ya maji kamwe, itakunjamana na mistari itahama.

Piga hesabu ya kipimo kabla ya kugusa karatasi. Mnyama wa sentimita 120 kwa kipimo cha 1:3 atakuwa na sentimita 40, na A3 ina 42 tu, hivyo pua na mkia vitabanwa ukingoni. Kwa 1:4 atakuwa na 30, na nafasi inatosha. Halafu tumia urefu wa fuvu kuwa kizio chako: kiwiliwili ni mafuvu mangapi, paja ni sehemu gani ya fuvu. Ukikosa mifupa ya mkono au mguu ya spishi yako, azima kwa jamaa wa karibu na uandike pembeni umeazima kwa nani.

Karatasi ya kwanza ni ya mifupa, ya pili misuli, ya tatu ngozi. Bluu ni kwa kinachoonekana kwenye mfupa, kijani kwa kinachotokana na hoja, nyekundu kwa kisio tupu. Ukimaliza na karatasi ya tatu haina hata mstari mmoja mwekundu, rudia kuikagua, kwa maana lazima kuna mahali umejidanganya.

Taya, na kichwa cha mbuzi

Nyuma ya kila jicho fuvu la therapsida lina tundu kubwa. Kosa linalojirudia ni kulichora kama shimo kwenye ngozi. Mnyama alipokuwa hai tundu hilo lilijaa misuli ya taya, na kichwa kilionekana kimevimba hapo, hakikubonyea.

Nunua kichwa cha mbuzi buchani. Kichune ngozi upande mmoja tu, uone msuli wa shavu unavyoanzia kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi taya la chini, kisha tazama msuli wa pili unavyopita kwa ndani kuelekea paji. Chora vyote viwili. Ndipo ukichemshe kwa moto mdogo hadi nyama iachie. Moto mkali hupasua mifupa myembamba ya pua na kulegeza meno. Supu ni yako.

Sasa tofauti. Mbuzi hutafuna kwa kupeleka taya upande. Disinodonti alilivuta taya la chini kutoka mbele kwenda nyuma, na kiungo chake kiliumbwa kwa kuteleza hivyo. Msuli wake mkubwa ulitandaa juu ya uso wa nje wa mfupa wa shavu, kwa hiyo ukimtazama kwa mbele kichwa chake ni kipana nyuma ya macho. Ukichora uso mwembamba wa mbuzi, umemnyang'anya kinu chake cha kusagia.

Mdomo wa pembe haukuishia pale mfupa unapoishia. Tazama kobe: gamba la mdomo hupita ukingo wa mfupa. Eneo lililofunikwa hujulikana kwa vitobo vidogo vingi vya mishipa ya damu kwenye ncha ya taya. Paka bluu hapo, kisha ongeza ukingo wa milimita moja au mbili kwa kijani. Chonge si lazima kwa kila mnyama, kwani katika baadhi ya disinodonti, Diictodon akiwemo, kuna mafuvu yenye chonge na mengine yasiyo nazo. Ukichora kundi, changanya.

Mkao

Mikono ilikaa kiwiko nje. Mfupa wa juu wa mkono ni mfupi, mpana kwenye ncha zote mbili, nao haukubali kusimama wima chini ya bega. Miguu ya nyuma ilikuwa imeingia chini ya mwili zaidi. Kwa hiyo kwa mbele mnyama anaonekana ametanua, kwa nyuma amesimama. Nyayo ni fupi na pana, vidole vitano, mkia mfupi. Mpe tumbo kubwa, maana anayekula majani magumu anahitaji utumbo mrefu wa kuyachachusha. Wanaoogopa kukosea humchora mwembamba, ngozi imegandamana na mbavu, na matokeo yake ni mzoga uliosimama.

Uso: hapa ndipo makosa yanapojaa

Kwa kila sehemu laini uliza maswali mawili. Je, mamalia wanayo? Je, mijusi, mamba, kobe na ndege wanayo? Pande zote mbili wakiwa nayo, kama ulimi na kope, ichore bila wasiwasi. Upande mmoja tu ukiwa nayo, mfupa ndio uamue.

Masikio ya nje: mamalia tu. Kwa disinodonti, mifupa ambayo kwetu imekuwa vifupa vya sikio bado ilikuwa sehemu ya kiungo cha taya. Acha ngozi tupu nyuma ya taya, usiweke sikio.

Pua inayocheza na sharubu: mamalia tu. Uchunguzi wa mwaka 2016 wa mfereji wa neva kwenye taya la juu ulionyesha kuwa therapsida wa zamani walikuwa na matawi ya neva yanayofanana na ya reptilia. Umbo la kimamalia linaonekana baadaye, kwa sinodonti, tawi la therapsida, wale walio karibu zaidi na mamalia. Kwa hiyo usimpe pua ya nguruwe, hata kama mwili wake unakukumbusha kitimoto.

Jicho halijazi tundu lake. Sehemu inayoonekana kati ya kope iwe karibu nusu ya upana wa tundu, usizidishe. Juu ya kichwa, kati ya mifupa ya utosi, kuna kitobo cha kiungo kinachohisi mwanga. Kioneshe kwa doa dogo la ngozi nyepesi, bila kope wala mboni.

Ngozi na rangi

Ushahidi ni mchache lakini upo. Kutoka Urusi, Estemmenosuchus, therapsida mwingine, ameacha ngozi laini isiyo na magamba. Kutoka Afrika Kusini, mwaka 2022 zilielezwa maiti zilizokauka za Lystrosaurus, disinodonti pia, zenye ngozi ya vinundu isiyo na nywele. Upande mwingine, vinyesi vilivyogeuka mawe vya enzi ya Permi, enzi ya disinodonti wetu, kutoka Urusi vina nyuzi zinazoweza kuwa nywele, ingawa haijulikani za mnyama gani. Manyoya yasiyo na shaka yanaonekana China, enzi ya Jura, miaka milioni 160 na ushee iliyopita. Uamuzi wetu: ngozi nene ya vinundu, mikunjo kwenye kwapa na shingo, na ukitaka nywele ziwe chache na ziwekwe nyekundu kwenye karatasi ya tatu. Koti zito la manyoya hatulikubali.

Rangi ni kisio tupu, lakini si lazima iwe ya matope. Uoni hafifu wa rangi wa mamalia wengi ni urithi wa mababu walioishi usiku. Therapsida wa Permi huenda bado waliziona rangi vizuri, hivyo shingo yenye doa la chungwa inaweza kutetewa.

Ukimchora Kawingasaurus, disinodonti mdogo mchimbaji wa huko huko Ruhuhu, utatamani kumwiga fuko anayeharibu mashamba ya viazi. Iga maisha yake ya shimoni, usiige uso: fuko huchimba kwa meno, Kawingasaurus hakuwa na meno, alichimba kwa mikono. Naye Galulatherium wa Galula, bonde la Rukwa, ni mamalia halisi aliyetangazwa 2019 kwa kipande cha taya la chini. Manyoya mpe bila hofu, ila mwili mzima utakuwa mwekundu.

Mandhari

Futa nyasi. Futa maua ya Kitulo, futa na mianzi ya ulanzi, kwani nayo ni jamii ya nyasi. Hakukuwa na mmea wenye maua, wala ndege, wala mlima Rungwe, wala Ziwa Nyasa. Weka mto wenye kingo za matope, kangaga, na miti ya Glossopteris yenye majani marefu yenye umbo la ulimi.

Kivuli kikikusumbua, finyanga kichwa kwa udongo na ukimulike kwa tochi kutoka kushoto juu. Kama utakichoma, usiweke waya ndani, maana udongo husinyaa na waya hausinyai, utapasuka. Toboa ndani hadi kuta ziwe na unene wa sentimita moja hivi, kisha kausha kivulini. Baridi ya Juni huko Makete au Njombe inaweza kudai wiki mbili au zaidi.

Mchoro ukikamilika, andika chini yake jina la spishi, tabaka la mwamba, mstari wa kipimo unaowakilisha sentimita 10 za mnyama, mifupa uliyoiazima, na orodha ya vyote vilivyokuwa vyekundu.