Kupima ERK iliyoamshwa kwa westani bloti: linda fosfati kwanza

Mwanafunzi niliyekuwa nikimsaidia alileta picha ya westani bloti (protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha huonyeshwa kwa kingamwili) yenye bendi nzito kwenye kila mstari, hata kwa seli ambazo hazikupewa kichocheo chochote. Alitaka kununua kingamwili nyingine. Kingamwili yake ilikuwa nzima. Seli ndizo zilizoshtuliwa kabla hazijavunjwa.

ERK1 na ERK2 ni ndugu wawili katika ukoo wa kinasi za MAP (kinasi ni vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye protini nyingine), pamoja na JNK na p38. Ishara ikifika kwenye utando wa seli, protini ya RAS huamsha RAF, RAF huamsha MEK, na MEK huibandika ERK fosfati mbili: kwa ERK1 ya binadamu kwenye threonini 202 na tirosini 204, kwa ERK2 kwenye 185 na 187. Vimeng'enya vya fosfatasi viko palepale vikizing'oa. Kwa hiyo bendi unayoiona inaeleza dakika ileile seli zilipokufa, na kazi kubwa ni kuikamata dakika hiyo.

Hatua ya 1: Zitulize seli

Ziache bila seramu usiku kucha. Baada ya hapo usizibadilishie midia (kimiminika cha kulishia seli). Midia mpya pekee huweza kuamsha ERK, na baridi au mtikiso huamsha JNK na p38 pia. Kichocheo, tuseme EGF (protini inayochochea seli kukua), kiandae kikiwa kikali ili udondoshe ujazo mdogo tu kwenye sahani, kisha zungusha taratibu. Sahani ya kulinganishia nayo idondoshewe kimiminika kilekile kisicho na EGF, kwa mkono uleule na kwa muda uleule. Pima dakika 0, 5, 15, 30 na 60. Katika seli nyingi kilele hufika ndani ya dakika 5 hadi 10, kwa hiyo anayeanza kupima kwenye dakika ya 30 hukuta ishara imekwisha kushuka, akadhani dawa yake ndiyo iliyoishusha.

Hatua ya 2: Vunja seli papo hapo

Hapa ndipo saa nyingi hupotea.

Njia iliyozoeleka ni bafa laini (kimiminika cha kuvunjia seli) kwenye barafu, yenye vizuizi vya fosfatasi. Inafanya kazi, lakini ina mitego. Floridi ya sodiamu na beta-gliserofosfati huzuia fosfatasi za serini na threonini. Za tirosini zinahitaji ortovanadati ya sodiamu. Ortovanadati ikiyeyushwa tu hujikusanya kuwa molekuli kubwa za rangi ya njano ambazo hazizuii vizuri. Ipeleke kwenye pH 10, ichemshe hadi rangi ipotee, ipoze, pima pH tena, na urudie mpaka ibaki haina rangi kwenye pH 10. Kisha igawe kwenye vichupa vidogo na kuigandisha. Ukishafanya hayo yote, ukichanganya na EDTA (kemikali ya kunasa ayoni za metali) au DTT (ya kuvunja viungo vya salfa vya protini) nyingi, unakuwa umeifuta kazi yake, kwa sababu zote mbili huidhoofisha vanadati. Soma orodha ya viambato vya bafa yako kabla ya kuiamini.

Mimi naipenda njia nyingine, na kwa ERK naishauri bila kusita: SDS (sabuni kali inayofunua protini) asilimia 1 yenye moto. Mwaga midia yote, mimina SDS iliyopashwa hadi nyuzi 95 moja kwa moja juu ya seli, kwangua, hamishia kwenye kichupa na uchemshe dakika 5. Fosfatasi hufa mara moja pamoja na kila kitu kingine. Tahadhari ni hizi:

- Usiweke SDS kwenye barafu. Itaganda kuwa fuwele.
- DNA itafanya sampuli ivute kama ute. Ikate kwa mawimbi ya sauti, la sivyo mistari ya jeli itapinda.
- Pima kiasi cha protini kwa BCA (kipimo cha protini kwa rangi) kabla ya kuongeza DTT na rangi. DTT huharibu kipimo hicho.
- Njia hii haifai kama unataka kuvuta protini kwa kingamwili au kupima kazi ya kimeng'enya, maana protini zote zimekwisha kufunuka.

Hatua ya 3: Jeli na utando

Jeli ya asilimia 10, mikrogramu 20 kwa kila mstari. Iache iende mbali kiasi cha kutenganisha kilodaltoni 44 (ERK1) na 42 (ERK2).

Hatua ya 4: Kingamwili

Fuata karatasi ya kingamwili kuhusu kuziba utando (kufunika nafasi tupu ili kingamwili isishike ovyo). Mimi hutumia albumini ya ng'ombe, kwa kuwa kaseini ya maziwa yenyewe imebeba fosfati. Pima ERK yenye fosfati na ERK yote kwenye utando uleule, kwa kingamwili ya sungura na ya panya zenye rangi mbili za mng'ao. Kuosha utando na kuutumia upya sikupendi: huondoa protini na huacha mabaki ya kingamwili ya kwanza.

Hatua ya 5: Kusoma bendi

Gawanya ERK yenye fosfati kwa ERK yote. Kisha kumbuka kwamba fosfati hiyo iliwekwa na MEK. Dawa ya trametinib huizuia MEK, kwa hiyo bendi hufifia. Ulixertinib huizuia ERK yenyewe, na bendi huweza kubaki nzito au hata kuongezeka ilhali kazi ya ERK imesimama. Hapo pima fosfati ya RSK, kinasi inayoamshwa na ERK.

Vivyo hivyo kwa vemurafenib, dawa inayozuia BRAF (mojawapo ya RAF), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma (saratani ya ngozi) yenye badiliko la BRAF V600E. Katika seli hizo bendi hushuka. Katika seli zenye BRAF ya kawaida na RAS iliyobadilika, bendi hupanda: dawa ikikamata RAF moja kwenye jozi, huamsha mwenzake. Hivyo ndivyo baadhi ya wagonjwa walivyoota vivimbe vipya vya saratani kwenye ngozi, na kuongeza kizuizi cha MEK kulipunguza tatizo hilo. Ukiiona bendi imepanda baada ya dawa, tafuta kwanza hali ya RAS ya seli zako kabla ya kuitupa bloti.