Kusomea Uuguzi Lamu Bila Gari: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaripoti Chuoni

Barua ya kuitwa chuo ikishafika, wazazi wa bara huuliza kwanza, "Na usafiri je?" Waambie watulie. Kisiwani Lamu gari halina kazi. Mji wa Kale, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kupisha. Mwenye gari naye ataliacha Mokowe, gatini upande wa bara, na kupanda boti pamoja nawe. Kinachowasumbua wanafunzi hapa ni bahari, usiku na nauli, na haya matatu hutayaona kwenye ratiba ya chuo.

Chumba kwanza. Panga karibu na hospitali utakayofanyia mazoezi, hata kodi ikizidi kidogo. Shela ni kuzuri, lakini ni kama kilomita tatu kutoka mjini, na maji yakijaa njia ya ufukweni humezwa sehemu nyingine. Ripoti ya zamu ya asubuhi husomwa mapema, na sista wa wadi hakungoji eti kwa sababu ulivuka maji ukiwa umepandisha gauni. Bodaboda siku hizi zipo kisiwani, ila usiziwekee bajeti ya mwezi mzima. Na usije kutafuta chumba wakati wa Maulidi, mji ukiwa umefurika wageni. Utachukua chochote utakachopewa.

Viatu vyeusi vya wadini vibebe mkobani, njiani vaa ndara. Kinyesi cha punda na maji ya mitaro hayana ruhusa ya kuingia wadi ya wazazi. Sare vilevile: ibadilie hospitalini, usipite nayo sokoni kununua samaki.

Pesa za mkopo wa HELB au za nyumbani zikiingia, toa nauli ya muhula mzima kabla hujanunua hata kalamu, uiweke mahali ambapo mkono haufiki upesi. Boti ya abiria mnachangia wengi. Ukichelewa, itabidi ukodi peke yako, na hapo utalipa peke yako kiti chako na viti vyote vilivyo tupu.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo boti iliyokupeleka Jumatatu saa mbili asubuhi huenda isiweze kupita saa hiyo hiyo Ijumaa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Kwa pwani yetu, siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kufikia saa nne asubuhi fungu liko nje. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kutoka sana, na saa hugeuka: penye kujaa ndipo pa kupwa. Wazee hawana haja ya jedwali. Wanajua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, na hiyo inatosha kukwambia boti itaondoka saa ngapi. Jifunze kwao wiki ya kwanza.

Utasema wewe umekuja kusomea uuguzi, si unahodha. Sawa. Lakini mazoezi ya afya ya jamii yanaweza kukutoa kisiwani na kukupeleka Faza au Siyu, kule kisiwa cha Pate. Boti za huko hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia na kushoto. Maji yakitoka, chombo hakipiti. Njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa nje, bahari kuu, na kusi likivuma nahodha mwenye akili zake hataki hata kusikia.

Tulisoma na dada mmoja kutoka bara, mwenye bidii kutuzidi sote. Alipangiwa Faza. Mazoezi yakaisha Ijumaa, wenzake wakarudi siku hiyo hiyo, yeye akabaki kwa ajili ya harusi ya mwenyeji wake, maana Jumatatu ndiyo alikuwa na mtihani wa vitendo. Jumapili akafika gatini saa ile ile waliyoondokea wenzake. Boti ya abiria ilikuwa imekwenda na maji ya alfajiri. Palikuwa na mashua ya wavuvi, na nahodha akamwambia wazi, "Dada, maji yanatoka, tutakwama." Akambembeleza, akaongeza pesa. Wakakwama Mkanda. Wavuvi wakaruka kwenye tope kusukuma, chombo kikalala ubavu, na mkoba wake aliokuwa ameuweka chini ukateleza mpaka kwenye maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo. Humo ndimo ilimokuwa logibuku, kitabu ambamo wasimamizi hutia sahihi kazi zako za mazoezi.

Lamu alifika alasiri, jua limemchoma. Mtihani wa Jumatatu aliufanya na kufaulu. Ila alipoifungua logibuku, kurasa zilikuwa zimeshikana, wino wa buluu umetambaa, na sahihi za wakunga waliomsimamia kuzalisha hazisomeki. Akaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amehamishiwa Mpeketoni, kule bara, mwingine yuko kwenye likizo ya uzazi. Wa tatu akakataa kutia sahihi kazi asiyoikumbuka, na wallahi alikuwa na haki, kwa sababu sahihi hiyo inabeba leseni yake. Wenzake tulipokwenda kufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, yeye alikuwa bado wadi ya wazazi akirudia kuzalisha mbele ya msimamizi.

Kwa hiyo sikiliza. Logibuku haitembei uchi ndani ya mkoba. Zamani tungeifunga kwenye juala, lakini mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata hivyo juala lilikuwa likitoboka. Nunua kontena la chakula lenye kifuniko kinachobana, kubwa kiasi cha kitabu kuingia bila kukunjwa. Litie na simu na kitambulisho. Likae mapajani mwako, si chini. Kila ukurasa unapotiwa sahihi, upige picha siku hiyo hiyo na kumtumia mtu wa nyumbani, maana simu nayo huzama. Na habari za maji muulize nahodha, tena jioni ya kabla ya safari. Usimuulize mwanafunzi mwenzako: atakujibu saa aliyosafiria yeye wiki iliyopita.

Mkipangiwa Mpeketoni, ni boti hadi Mokowe, kisha matatu kupitia Hindi. Kivuko chenyewe ni kifupi na boti ni nyingi mchana. Usiku ni habari nyingine. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, amri za kutotoka nje usiku zimekuwa zikiwekwa na kuondolewa katika sehemu za kaunti hii, na ratiba ya wadi haizijui. Ukipewa zamu ya jioni upande wa bara, uliza mapema utalala wapi.

Zamu ya usiku kisiwani usitoke peke yako. Tokeni wawili wawili mnaoishi mtaa mmoja, na mlinzi wa getini awajue kwa sura.

Mazoezi ya magonjwa ya akili huenda yakakupeleka mbali, hospitali ya Port Reitz Mombasa au Mathari Nairobi. Mabasi ya Mombasa huondoka Mokowe asubuhi na mapema, kwa hiyo utavuka maji kabla ya mapambazuko. Tiketi kata siku iliyotangulia, na mwenye boti mwekeane ahadi usiku ule, tena umpigie tena kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani, karibu na futari, usitegemee chombo chochote. Nahodha naye amefunga.

Jaketi la kuokoa maisha ulivae na kulifunga kamba zake, hata kama abiria wote wamelikalia. Ukitoka zamu ya usiku usipande boti kabla hujala na kunywa kitu, kwani usingizi na mawimbi havipatani. Chaji simu hospitalini. Weka namba za manahodha wasiopungua watatu. Chombo kikishajaa usiwe wa mwisho kuruka ndani, hata kama sista anakungoja. Na nahodha akikwambia leo hakuendeki, usimwongezee pesa. Mpigie sista wa wadi, mweleze uliko, ukalale.