Karoti zikitoka kwenye mashine, usikimbilie gunia
Wenye pipa la kuoshea karoti kwa mota, hapa ndipo wengi hupoteza mzigo: karoti zinatoka zinang'aa, zinatiwa guniani zikiwa bado zinachuruzika maji. Safari ya usiku kutoka Kinangop hadi Nairobi, unyevu ule na joto la gunia vinatosha kuzianzishia kuoza. Ukifungua asubuhi, za katikati zinateleza kama sabuni.

Zitandaze kwanza kwenye meza ya wavu, kivulini, uzielekezee feni. Upepo wa kawaida tu, maana hewa ya moto huzinyausha. Kisha kamata moja kwa kiganja kikavu: kiganja kikilowa, bado.

Pipa lenyewe usilijaze. Nusu yatosha, zipate nafasi ya kubiringika. Udongo uliogandia uloweke kabla, la sivyo utazizungusha mpaka zichubuke, na kwenye mchubuko ndiko uozo unakoingilia. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe safi, si yale yaliyokwisha kuwa rangi ya chai ya maziwa.

Viazi vya kuweka ghalani? Hivyo usivioshe kabisa. Pangusa udongo kwa brashi kavu.