Jinsi ya Kuomba Vibali vya Kwenda Afrika Kusini kwa Gari Lako Mwenyewe

Mtanzania anayekwenda matembezi Johannesburg kwa barabara haombi viza hata moja. Zambia na Botswana zinampokea kwa pasipoti tu, na Afrika Kusini humruhusu kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Mwenye kazi hapa ni gari. Mtu hugongewa muhuri kwa dakika chache akaendelea na safari, lakini gari linaweza kulala mpakani kwa kukosa karatasi moja. Njia ninayoifuata ni ya Dar, Mbeya, Tunduma, Lusaka, Kazungula (mpaka wa Zambia na Botswana), Francistown, hadi Groblersbrug, mpaka wa Botswana na Afrika Kusini.

Kwanza: soma kadi ya gari

Kabla hujalipia chochote, itoe kadi ya gari uisome kama unaiona kwa mara ya kwanza. Jina ni lako? Kama bado linasomeka la aliyekuuzia, malizia kwanza kubadilisha umiliki TRA, maana kila kibali utakachoomba baadaye kinategemea jina hilo. Kama gari ni la kampuni, la ndugu au la mwenzi wako, unahitaji barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili. Iwe na namba ya usajili, ya chasisi na ya injini, jina la dereva na namba yake ya pasipoti, nchi zote mtakazopita na tarehe ya kurudi. Kama gari lina mkopo na kadi iko benki, omba na barua ya benki. Zote ziandikwe kwa Kiingereza. Sokoni Nakonde, upande wa Zambia ukishavuka Tunduma, Kiswahili utakisikia sana, ila dirishani karatasi ya Kiswahili itakuchelewesha, na ukifika Kazungula ndiyo kabisa.

Halafu linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Fungua boneti, futa vumbi, washa tochi ya simu, soma herufi moja moja. Ofisa wa forodha anaweza kufanya hivyo hivyo, na sifuri iliyochapwa kama herufi O inatosha kuzua maswali. Magari mengi tunayoagiza Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, si ile ya tarakimu na herufi 17. Ijaze kama ilivyo kwenye kadi, usiiongezee kitu ili ijae kwenye visanduku vya fomu.

Pasipoti na chanjo

Hapa hakuna mambo mengi. Fomu ya pasipoti inajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unalipa kwa control namba, kisha unakwenda ofisini na viambatisho kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ni shilingi 150,000. Andaa kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa. Aliye nayo tayari aangalie kama imebaki na zaidi ya miezi sita na kurasa tupu za kutosha. Kila mpaka utaingia na kutoka, kwenda na kurudi, kwa hiyo mihuri ni mingi.

Chanjo ya homa ya manjano ichome mapema. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Hata pale ambapo sheria haikulazimishi, kuwa nacho ni nafuu kuliko kubishana.

Bima: kadi ya njano ya COMESA

Usichanganye kadi hii na ile ya chanjo. Hii ni ya gari. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango huu wa bima, kwa hiyo unaiombea hapa hapa nyumbani. Nenda kwenye kampuni ya bima iliyokukatia bima ya gari, maana kadi ya njano hupandikizwa juu ya bima hai ya ndani na haiwezi kuishi kuliko bima hiyo. Kama bima yako itaisha katikati ya safari, ihuishe kwanza. Peleka nakala ya kadi ya gari, leseni na pasipoti, taja tarehe za kuondoka na kurudi, na sema wazi kwamba unataka Zambia iwemo. Taja na Zimbabwe, hata kama huna mpango wa kupita huko, ili ukilazimika kubadili njia usianze upya. Kabla ya kuondoka dirishani hakikisha nchi hizo hazijakatwa kwenye orodha. Ukitumiwa kwa simu au barua pepe, ichapishe.

Kadi hii inamlipa mtu mwingine uliyemgonga, na matibabu ya waliomo ndani ya gari lako. Uharibifu wa gari lako mwenyewe haumo. Mwenye bima kubwa aombe kampuni imwandikie nyongeza ya kuvuka mipaka, itaje na Botswana na Afrika Kusini, kwa sababu nchi hizo mbili haziko kwenye mpango wa kadi ya njano. Botswana utalipia bima na ada ya barabara pale mpakani. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali unaochangiwa na tozo ya mafuta, lakini mfuko huo unashughulikia majeruhi, haulipi gari la mtu. Ukigonga gari la mtu Johannesburg huna nyongeza hiyo, deni ni lako.

Kutoa gari nchini kwa muda

TRA inahitaji kujua kwamba gari linatoka na litarudi. Omba kibali cha kulitoa kwa muda, ukiwa na kadi, barua zako na tarehe. Lipa pia faini zote za trafiki unazodaiwa.

Tunduma na Nakonde

Tangu 2019 hiki ni kituo cha huduma kwa pamoja: taratibu za kutoka Tanzania na za kuingia Zambia zinafanyika sehemu moja, upande wa nchi unayoingia. Usishangazwe na foleni ya malori. Gari dogo lina njia yake. Rudisha saa nyuma kwa saa moja.

Mpangilio ni huu: uhamiaji, kisha forodha ya Zambia wakupe kibali cha kuingiza gari kwa muda, kisha malipo. Kuna tozo ya hewa ukaa inayotegemea ukubwa wa injini, ada ya barabara na ushuru wa halmashauri. Kila moja ina dirisha lake na risiti yake. Vishoka watakuzunguka kabla hujazima injini, na watataka wakushikie pasipoti. Usiwape. Madirisha yamebandikwa majina, na anayesoma haraka haraka hupoteza muda mfupi kuliko anayemsubiri kishoka arudi na "chenji".

Kazungula hadi Groblersbrug

Daraja la Kazungula juu ya Zambezi lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko. Hapa fanya jambo ambalo wengi hulisahau: rudisha kibali cha gari kwa forodha ya Zambia na upate uthibitisho kwamba kimefungwa. Kisipofungwa, kwenye kumbukumbu zao gari bado liko Zambia, na siku ya kurudi utaulizwa kama uliliuza.

Botswana wanaogopa ugonjwa wa midomo na miguu wa ng'ombe. Nyama mbichi na maziwa vitachukuliwa, na utaambiwa ukanyage dawa kwa viatu. Barabara ya kwenda Nata ina tembo wanaovuka wakati wowote, kwa hiyo lala Kasane uondoke asubuhi. Groblersbrug hufungwa usiku. Panga ufike mchana, ukiwa na anwani ya utakapofikia na ushahidi wa fedha za kujikimu.

Wakati wa kurudi utaratibu ni ule ule kinyumenyume, na Zambia utaomba kibali kipya cha gari na kulipa tena. Ukifika Tunduma, usiondoke kabla TRA hawajafunga kile kibali chao cha kutoka, na risiti zote zihifadhi pamoja na kadi ya gari.