Gari Likichemsha, Uliza Kwanza Linachemshia Wapi

Kabla hujanunua rejeta au kumruhusu fundi afungue silinda hedi (kichwa cha injini), jibu swali moja: gari linachemsha likiwa limesimama, au likiwa mwendoni?

Likichemsha pale Mnazi Mmoja ya Lindi likisubiri abiria, kisha geji ya joto ikashuka ukishika barabara ya Masasi, anza na feni. Mwendoni upepo hupita wenyewe kwenye rejeta. Ukisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Washa AC: kwenye Toyota ndogo nyingi feni ya umeme inatakiwa izunguke muda huohuo. Isipozunguka, kagua fyuzi, kisha relei (swichi inayoipelekea feni umeme), halafu ipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka hapo, mota ni nzima. Tafuta kwenye waya, relei au sensa. Feni ya mkanda, kama ya Canter, ijaribu kwa mkono injini ikiwa imezimwa baada ya safari. Inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikizunguka ovyo kama pangaboi, klachi yake imekwisha.

Gari linalotulia mjini lakini linachemsha likipanda Newala na mzigo wa salfa lina shida nyingine: maji hayazunguki vya kutosha, au rejeta haitoi joto. Angalia nje kwanza. Nyasi, wadudu na vumbi hujificha kati ya rejeta na kondensa ya AC, mahali ambapo ukichungulia kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha kali hulaza mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta. Kwa magari ya Lindi na Mtwara mjini, yagusie mapezi hayo kwa kidole. Yakipukutika, chumvi ya bahari imeshayala, na kuosha hakutasaidia. Ndani nako hukagulika: zima injini ikiwa na moto, chomoa waya wa feni, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja juu ya rejeta. Sehemu iliyo baridi peke yake imeziba.

Geji ikiwa juu huku mpira mmoja wa rejeta unaunguza na mwingine ni baridi, shuku pampu ya maji au themostati, kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Themostati hupimwa jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzijoto hizo, na maji yakifika 95 iwe wazi. Isipofunguka, weka mpya. Kuitoa na kuendesha bila kitu, kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto, ni ushauri mbovu hata ukitolewa na fundi mzoefu. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi.

Mfuniko wa rejeta ni rahisi kuliko vyote na husahaulika kuliko vyote. Ulioandikwa 1.1 hushikilia presha inayofanya maji yachemke karibu na nyuzijoto 120 badala ya 100. Mpira wake ukipasuka, maji hutorokea kwenye tangi la akiba na kumwagika.

Gasketi ya silinda hedi ichunguze asubuhi injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Mipira ya rejeta kuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha, moshi mweupe usioisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi zaidi.

Likichemsha njiani, zima AC, fungua hita hadi mwisho, simama na uzime. Usiguse mfuniko kwa nusu saa au zaidi, wala usimwage maji baridi kwenye injini inayounguza, hedi hupasuka. Geji ikishuka ghafla bila sababu usifurahi: huenda maji yameisha na sensa imebaki hewani.

Kuhusu maji: ya visima vya pwani, mengi yana chumvi, na chumvi hula alumini. Kwa dharura weka, lakini yatoe ufikapo. Maji ya mvua kutoka kwenye bati safi ni bora kuliko ya kisima, na bora zaidi ni kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Gari la injini ya lita 1.3 hadi 1.5 humeza lita tano hivi. Jaza mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto, acha injini iungurume hadi feni iwake na kuzima mara mbili, ukiongeza kila yanaposhuka. Funga. Kesho yake, kabla ya kuwasha, kagua tena kimo cha maji.