Somo: Umeona mwanga usiouelewa angani Malindi? Uchunguze hivi kabla ya kuuita UFO

Kaskazi ikishatulia na mawingu yakapungua, vikundi vya WhatsApp vya hapa Malindi hujaa video za nukta nyeupe inayotetemeka kwenye giza. Wa kwanza ataandika "UFO Silversands", yaani chombo cha angani kisichotambulika juu ya ufukwe wetu. Wa pili atasema hao ni Waitaliano wa kituo cha roketi cha Ngomeni, na wa tatu atakwambia ni jini. Hakuna anayeuliza ilikuwa saa ngapi, wala ilikuwa upande gani. Sisemi watu hawaoni vitu; wanaona, tena sana. Ninachokataa ni mtu kulala hajui alichokiona na kuamka ana hakika kwamba ni wageni kutoka sayari nyingine.

Vifaa: simu, kalamu na ngumi yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika saa

Kabla hujafungua kamera, tazama saa na uiandike. Andika ulipoanza kuona na ulipoacha kuona. Mtu akihadithia kesho yake, sekunde ishirini huwa robo saa, na robo saa huwa usiku mzima.

Tazama yaliyotokea Phoenix, Marekani, tarehe 13 Machi 1997. Maelfu waliona taa zimejipanga kwa umbo la pembe zikipita juu ya jimbo la Arizona mwanzoni mwa usiku. Mnamo saa nne hivi usiku zikaonekana taa nyingine, zikining'inia na kuzimika moja baada ya moja. Hizi za pili zilikuwa fataki za kumulika zilizodondoshwa na ndege za jeshi mazoezini. Zile za kwanza bado zinabishaniwa, ingawa wengi wa waliochunguza wanaona zilikuwa ndege zikiruka kwa mpangilio. Lakini katika masimulizi mambo hayo mawili yakawa chombo kimoja kikubwa. Walioandika saa ndio waliowezesha kuyatenganisha.

Hatua ya 2: Upande na kimo

Nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi hiyo inafunika takriban digrii 10 za anga. Hesabu ngumi ngapi kutoka upeo wa macho mpaka kwenye taa. Kisha tafuta alama: iko juu ya mnazi gani, mnara gani, paa la nani.

Sisi watu wa pwani hii tumepewa dira ya bure. Jua letu huchomoza baharini na kuzama bara. Sayari ya Zuhura (Venus) haiachani na jua zaidi ya digrii 47, yaani hata ngumi tano hazitimii. Kwa hiyo Zuhura ya jioni utaiona upande wa bara, na ya alfajiri utaiona juu ya bahari. Mtu akisema ameona taa kali juu ya maji saa tatu usiku, Zuhura hiyo siyo. Inaweza kuwa sayari ya Mshtarii (Jupiter), maana iko miezi ambayo Mshtarii huchomoza baharini jua likizama. Na Desemba jioni, nyota iitwayo Sirius huchomoza mashariki kuelekea kusini kidogo. Ikiwa bado chini hurukaruka rangi, mara nyekundu, mara kijani, mara buluu, kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nzito. Hiyo ndiyo "chombo kinachobadilisha rangi" cha video nyingi tunazotumiwa mwezi huo.

Upande ndio uliozua ubishi wa Rendlesham, mashariki mwa Uingereza, Desemba 1980. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa kambi ya Woodbridge waliona mwanga msituni. Naibu kamanda, Charles Halt, aliingia msituni na kinasa sauti, na kanda hiyo ipo. Wachunguzi walipopima mwelekeo waligundua kwamba ukiutazama mstari ule unafika kwenye mnara wa taa wa Orfordness, uliokuwa ukimweka kila baada ya sekunde 5, sawa na mwanga anaousimulia kwenye kanda. Halt mwenyewe hakukubali maelezo hayo, na ni haki yake. Lakini tunaweza kubishana kwa vipimo kwa sababu yeye alirekodi. Wengi wetu hatuachi hata hicho.

Hatua ya 3: Inakwendaje?

Taa tulivu isiyopepesa, inayokata anga kwa dakika chache kisha ikazimika ghafla katikati ya anga, ni setilaiti imeingia kwenye kivuli cha dunia. Kubwa kuliko zote ni kituo cha kimataifa cha anga, kinachozunguka dunia kwa dakika 90 hivi kikiwa kimo cha kilomita 400. Huonekana baada ya magharibi mpaka isha ipite kidogo, na tena alfajiri. Saa sita ya usiku, kwetu hapa karibu na ikweta, hutakiona.

Taa nyingi zimefuatana kama shanga kwenye uzi: Starlink, setilaiti za intaneti. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo wamezua taharuki kila bara.

Kimondo ni sekunde moja au mbili. Mabaki ya roketi yanayoungua huenda polepole zaidi, yakikatika vipande, hata dakika nzima. Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto na kijani la kulia, lakini ikikujia usoni na taa za kutua zimewashwa, inaweza kuonekana imesimama tuli kwa muda mrefu.

Halafu angalia upepo. Hili watu hawalifikirii. Taa za rangi ya chungwa zinazopaa kimya na kufuata upepo ni fanusi za karatasi, za harusi au za mwaka mpya hotelini. Wakati wa kaskazi zitaelekea kusini magharibi. Zikienda kinyume na upepo, hapo sasa nipigie simu.

Hatua ya 4: Tenganisha mashahidi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kesi nzuri huharibika. Mkiwa watano ufukweni, msizungumze kwanza. Kila mtu aandike au achore peke yake, kisha mlinganishe.

Septemba 1994, huko Ruwa nje ya Harare, wanafunzi 62 wa Ariel School walisema kwamba wakati wa mapumziko waliona chombo kimetua nje ya uwanja wao. Baadhi wakasema waliona kiumbe amevaa nguo nyeusi. John Mack, daktari wa magonjwa ya akili wa Harvard, alifunga safari kuwahoji, na baadhi yao mpaka leo, watu wazima, hawajabadilisha maneno. Ukitazama sura zao kwenye mahojiano, huoni watoto wanaodanganya. Mimi siwaiti waongo.

Lakini tarehe 14, siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalirudi angahewani yakawaka juu ya kusini mwa Afrika, na watu wengi wakayaona. Gumzo la vyombo vya angani lilikuwa tayari hewani. Na watoto walishakuwa pamoja, na baadhi ya mahojiano ya mwanzo yalifanywa wakiwa kwenye makundi. Sasa hakuna awezaye kuchambua lipi aliliona nani na lipi alilisikia kwa mwenzake. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa wale wanaoamini kuliko kwa wanaokanusha.

Hatua ya 5: Picha

Usivute karibu. Simu ikikosa fokasi hugeuza nyota kuwa sahani yenye mistari, na hapo ndipo "visahani" vingi huzaliwa. Weka simu juu ya ukuta, ingiza mti au paa kwenye fremu, rekodi bila kuhamisha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na kupoteza saa na mahali pa kupigwa.

Na picha safi mno itiliwe shaka. Mojawapo ya picha zilizosifiwa sana duniani, ya pembetatu ya Petit-Rechain, Ubelgiji, ilizunguka miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2011 aliyeitengeneza akajitokeza na kusema ni kipande cha plastiki ya povu kilichopakwa rangi.

Hatua ya 6: Linganisha

Fungua Stellarium, programu ya ramani ya nyota, weka Malindi na saa uliyoandika. Fungua Heavens-Above kwa setilaiti na Flightradar24 kwa ndege. Dakika kumi tu.

Hatua ya 7: Muache Mwitaliano wa Ngomeni apumzike

Kweli, roketi zilirushwa kutoka majukwaa ya San Marco baharini hapo Ngomeni. Setilaiti ya kwanza kuondoka pale ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikapaa Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Kila mtoto wa Malindi angepaswa kufundishwa hili kabla ya kufundishwa Vasco da Gama. Lakini setilaiti ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Kituo sasa kinapokea mawimbi na kufuatilia setilaiti, hakirushi. Uliyoiona wiki jana haikutoka pale.

Na kikibaki?

Vipo vinavyobaki. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 katika mradi wa Blue Book uliofungwa 1969, na 701 hazikupata jibu. Ripoti ya serikali yao ya Juni 2021 ilitaja visa 144, na kimoja tu kilielezwa kwa uhakika: puto linaloishiwa hewa. Wengi husoma namba hizo kama ushahidi wa wageni. Mimi nazisoma kama orodha ya watu waliokosa hatua ya 1 hadi ya 5. Kinachonikosesha usingizi kweli ni bonde la Hessdalen, Norway, ambako taa zilionekana mara kwa mara miaka ya 1980. Wanasayansi wamepeleka vifaa, na tangu 1998 kuna kituo cha kamera. Taa zimepigwa picha, na bado hawajakubaliana ni nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mambrui: Shikamoo mwalimu. Niliona taa tatu za manjano juu ya bahari saa nne usiku, zimesimama hewani, si majini. Baada ya nusu saa zikazama moja moja.

Jibu: Marahaba. Ulikuwa umesimama ufukweni au ghorofani? Mtu aliyesimama mchangani, upeo wake hauzidi kilomita 5 hivi. Akipanda mita 10 unafika 11. Taa za vyombo vya uvuvi vilivyo mbali huinuliwa na mazigazi zikaonekana zinaelea, na chombo kikienda mbali taa huzama nyuma ya mviringo wa dunia. Kuzama moja moja kunanifanya niamini hivyo. Waulize wavuvi wa hapo nani alikuwa nje usiku huo.

Mwanachama, Shela: Mimi wa Lamu. Bibi yangu anasema vimondo ni vya kuwarushia mashetani. Nimjibuje bila kumkosea adabu?

Jibu: Kwani amekuuliza? Muulize yeye aliona vikubwa vipi na mwaka gani. Wazee wana kumbukumbu za kimondo kikali kuliko vitabu. La sayansi ni kwamba kimondo cha kawaida ni chembe ndogo inayowaka kilomita 80 hadi 120 juu yetu. Hilo mwambie akitaka.

Mwanachama, Malindi mjini: Kaka, unatetea serikali kubwa. Roswell je? Si walificha?

Jibu: Walificha, ndiyo. Mwaka 1947 kulikuwa na mradi wa siri, Mogul, wa maputo yenye vifaa vya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Jeshi la anga la Marekani lilikiri mwaka 1994 kwamba mabaki yaliyookotwa mwaka huo wa 1947 karibu na Roswell, New Mexico, ambayo watu walidai ni ya chombo cha wageni, yalitokana nao. Na Julai 2023 David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi, aliliambia Bunge la Marekani kwamba kuna mpango wa kukusanya vyombo visivyo vya binadamu. Ripoti ya Machi 2024 ya ofisi ya wizara yao ya ulinzi (Pentagon) ikasema haikupata ushahidi. Kipande kikiletwa mezani nitafuta somo hili.

Mwanachama, Watamu: Kikianguka shambani kwangu, niuze?

Jibu: Usikiguse, dada. Piga polisi. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema, kwa uchunguzi wa awali, ni pete ya kutenganisha roketi. Vitu hivi vina mwenyewe, na vingine vina mabaki ya mafuta yenye sumu.

Mwanachama, Ngomeni: Umesema ya angani tu. Baba yangu nahodha alisimulia bahari nzima ikiwaka nyeupe usiku, mpaka wakaogopa kutia mkono. Hiyo nayo ni fanusi?

Jibu: Hapana, na mpe baba salamu zangu. Wanasayansi waliwapuuza mabaharia kwa hadithi hiyo muda mrefu. Januari 1995 meli ya Uingereza iitwayo Lima ilipita katika bahari ya namna hiyo karibu na Somalia, nahodha akaandika tarehe na mahali. Miaka kumi baadaye watafiti walirudi kwenye picha za setilaiti za usiku huo wakaikuta: eneo la kilomita za mraba 15,400 hivi, liking'aa usiku tatu mfululizo. Wanadhani ni bakteria wengi mno wanaotoa mwanga kwa pamoja, lakini kwa nini wawake wote, pale, siku zile, bado hawajamaliza kueleza. Muulize baba mwezi gani, upepo gani, na walikuwa wanatoka bandari ipi. Na wewe ukikutana nayo, chota maji kwenye chupa safi, funga, andika saa na mahali kutoka kwenye GPS.